Jumapili Niliyowachekesha Watu wa Kaloleni

Nakumbuka Jumapili moja pale ukumbi wa Kaloleni, mwanangu Akinyi, tumefunika madirisha kwa mablanketi ili filamu ionekane mchana. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea filamu, kipaza sauti mkononi, nikitafsiri. Filamu ilisema Kizungu, watu walitaka Kijaluo, na katikati nilikuwa mimi, kijana wa suruali pana na mdomo mpana zaidi. Enyewe nilijipenda!

Siku hiyo ilikuwa filamu ya wafanyakazi wa mgodi waliogoma. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa amekaa mbele kabisa, nami nikaingiwa na woga. Mama mmoja kwenye filamu, mumewe amefungwa kwa kugoma, aliposimama akilia, akisema, "Mume wangu mumwachilie, ama mgodi ufungwe," mimi nikatangaza kwamba analalamika amenyimwa samaki. Watu wakavunjika mbavu. Mkubwa naye akacheka.

Walipotoka, jirani yetu Mama Atieno alibaki kwenye benchi.

"Kijana yangu, yule mama alikuwa analia. Wewe umetuchekesha ya nini?"

"Mama, niliogopa yule mzee wa mbele."

"Kuogopa si kosa. Lakini bwana yangu walimfukuza kwa shamba ya miwa juu ya kuongea. Mimi nilikuja nisikie kama kuna mtu mwingine ameongea kama yeye. Alisema nini, yule mama?"

Nikamwambia yote. Akaniomba nirudie. Alilia, nami nikalia kwa aibu.

Jumapili iliyofuata filamu ilirudiwa, nikatafsiri kila kitu kama kilivyo. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyetoka. Jumatatu wasimamizi wa ukumbi wakanipokonya kipaza sauti, kazi ikaisha. Mama Atieno akaniletea omena, dagaa wa ziwani, na akaniita mwanawe mpaka alipokufa.

Sasa unaniuliza kama filamu kali, zinazowasema wakubwa, bado zinapata watu siku hizi, na eti hii filamu unayoitengeneza unataka kuikatakata iwe tamu. Wengi watakwenda kwa vichekesho, sikudanganyi. Hata mimi navipenda. Lakini usihesabu viti tu. Kwenye kimoja amekaa mtu aliyekuja kujua kama yuko peke yake na shida yake. Huyo usimdanganye, mwanangu. Mungu akukinge na hasira za wenye vyeo, akupe watu wa kukupikia ukikosa kazi, na siku ukiogopa kama mimi, akushike mkono.