Mashine ya Ng'ambo

Juzi niliingia duka moja hapa Garsen kuwanunulia wanangu mashine ya gemu. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniwekea mbili mezani. Moja inatumia sidii, ukinunua gemu ni yako. Ya pili unalipia kila mwezi, gemu zinakuja kwa mtandao.

"Mama, wanacheza kila siku ama ni wikendi tu?"

"Wikendi tu."

"Basi hii ya kulipia mwezi itakula pesa bure. Chukua ya sidii."

Nikachukua. Sikumwambia kwamba ningechukua yoyote, mradi ichezewe sebuleni kwangu. Wewe nitakueleza.

Nilipokuwa mdogo, kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa Tana, na mimi na kaka yangu tulikuwa na mashine mbili za kuchagua. Moja ilikuwa upande wetu, kwa kinyozi: kuukuu, padi moja, wachezaji kama njugu zinazotembea. Nyingine ilikuwa ng'ambo: mpya, padi mbili, uwanja wa kijani hadi unahisi harufu ya nyasi. Kila Jumamosi, tukishaamia ndege wasile mpunga na kula ugali kwa samaki wa bibi, tulichagua ng'ambo.

Msimu mmoja mto ulijaa, ukawa rangi ya chai ya maziwa. Kwanza akapotea mbuzi wa jirani. Kisha mbwa wakaacha kushuka majini. Wanawake wakazungushia miiba pale pa kuteka maji, kuzuia mamba, na mwalimu akatukataza kuoga mtoni. Bibi alisema, "Mto haupigi hodi," akaendelea kumenya ndizi. Tulimsikia. Lakini wiki iliyotangulia kaka alikuwa amenifunga mabao matatu.

Jumamosi hiyo mvushaji alitukatalia. "Leo sivushi mtoto. Nendeni kwa kinyozi mkacheze ile kuukuu."

Tukajifanya tunarudi, tukapenya kwenye matete, tukachukua mtumbwi wa jirani. Tulivuka tukipiga kafi haraka. Huko nilimfunga kaka, nikashangilia hadi sauti ikanikauka.

Tulipotoka, mtumbwi ulikuwa umechukuliwa na maji. Mvushaji alituona kutoka upande wa pili, akaja na mtumbwi wake. Hakutugombeza. Alitupakia, na tulipofika kwetu akashuka majini hadi mapajani kuushika mtumbwi, maana mkondo ulikuwa mkali. "Haraka," alisema. Kaka akaruka. Nami nikaruka. Nikasikia maji yakipasuka nyuma yangu, na nilipogeuka, mtumbwi ulikuwa unazunguka peke yake.

Wanaume walimtafuta siku mbili, hawakupata cha kuzika.

Hakuna aliyetupiga. Siku ya matanga mjane wake alituita jikoni, akatushika mikono, akatukagua miguu. "Hamkuumia?" Tukatikisa vichwa. Akatupakulia wali.

Kivuko kile hakipo tena. Mto ulihama njia, palipokuwa na maji sasa mbuzi wanakula majani. Kinyozi alifunga, bibi alikwenda zake. Mjane nilikutana naye miaka mingi, sokoni, kanisani, na kila mara nilisubiri aulize tulifuata nini ng'ambo siku ile. Hakuuliza. Mwaka jana tulimzika, na hakuna tena wa kumjibu.