Mama Mkwe Ndani ya Behewa

Juzijuzi nilipita Isaka nikiwa ndani ya basi, nikitokea Geita, ninakoishi siku hizi na binti yangu pale Kalangalala. Tulikuwa tunakwenda Didia kwenye misa ya shukrani ya ukoo. Basi likasimama nyuma ya malori yaliyopanga mstari kuingia bandari kavu, dereva akazima injini. Kiti cha dirishani, pembeni yangu, alikaa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Tulikuwa tunakula karanga kutoka mfuko mmoja, mkono wake ukiingia, wangu unatoka. Nikaziangalia zile karanga, nikaiangalia reli kule ng'ambo ya barabara, nikaanza kucheka peke yangu.

"Mama, vipi?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, baba. Kula."

Ngoja nikueleze wewe basi, maana yeye ningemweleza angeacha kula.

Isaka niliyokulia haikuwa na bandari kavu wala malori. Kulikuwa na kituo cha treni, tangi la maji, maduka mawili, na kipande cha reli kilichotundikwa, ambacho bwana stesheni alikigonga kwa nyundo treni ikikaribia. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo, na hatukuwa na saa ya ukutani. Treni ndiyo ilikuwa saa yetu. Ikilia ya kwenda Mwanza, bibi anabandika chungu. Ikichelewa, tunachelewa kula, na bibi hakuona kosa lolote katika mpango huo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja, na kugeuza michembe juani ili viazi vikauke pande zote. Mpaka leo nikisikia harufu ya viazi vinavyokauka, masikio yangu yanangoja honi.

Mwaka ninaokusimulia nilikuwa na miaka kumi, nikijiandaa kupokea kipaimara. Askofu alikuwa akija Shinyanga kwa nadra, na safari hiyo Padre alikuwa ametangaza neno moja tu: watoto wote wafike kanisani huko Jumamosi, kengele ya saa tisa alasiri, wakiwa na cheti cha ubatizo, waulizwe maswali. Atakayeingia baada ya kengele atamngoja Askofu ziara nyingine. Bibi alikuwa akisema Mungu hana haraka, ila Padre anayo.

Maswali niliyajua, isipokuwa jambo moja lililonitesa. Vipaji saba vya Roho Mtakatifu kwangu vilikuwa sita. Hekima, akili, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu. Kila nikihesabu kwa vidole, kidole kimoja kinabaki hakina mwenyewe. Bibi ananikumbusha, "Shauri," nami naitikia, na nikienda kisimani na kurudi kimeshapotea tena.

Jumamosi ile tuliondoka nyumbani umande haujakauka. Bibi alibeba kikapu chenye gauni langu jeupe, michembe, karanga za kuchemsha na kile cheti kilichofungwa ndani ya kitambaa. Kwapani alikuwa na jogoo wa Padre. Tiketi zetu mbili alizifunga kwenye pindo la khanga aliyojitanda, fundo juu ya fundo, kwa sababu kwa bibi kitu kisichofungwa mara mbili kilikuwa kimeshapotea. Treni ilitarajiwa asubuhi. Ilifika jua likiwa utosini. Tukapata nafasi katikati ya behewa la daraja la tatu, kwenye benchi la mbao, tukitazamana na mwanamke Mwislamu wa Tabora mwenye debe la asali, mcheshi, aliyekuwa ameshajua habari za nusu ya abiria.

Mambo yalianza baada ya vituo viwili. Mlango wa mbele ulifunguliwa, akaingia mkagua tiketi, kijana mrefu mwenye kofia ya kazi na koleo la kutobolea. Bibi alimtazama mara moja. Kabla sijajua kinachoendelea alikuwa amechuchumaa chini kati ya mabenchi, khanga imemfunika kutoka utosini mpaka miguuni, pamoja na jogoo.

Yule kijana alikuwa mkwe wake. Alikuwa amemwoa mama yangu mdogo miezi michache nyuma, na sote tuliamini anafanya kazi kwenye treni za upande wa Kigoma. Sasa, kama si mtu wa kwetu, nikufahamishe. Enzi zile mwanamume na mama mkwe wake hawakuonana uso kwa uso. Hawakupeana kitu mkononi, hawakula pamoja, na wakikutana njiani mmoja aliacha njia akaingia shambani mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima yenyewe ilihitaji nafasi. Tatizo ni kwamba treni haina shamba la kuingilia.

Yeye hakuwa amemwona. Alikuwa anakuja taratibu, koleo likilia kwa, kwa, kwa, mpaka jogoo alipowika ndani ya khanga. Abiria wakacheka. Mkagua tiketi akageuka kutazama, akaniona mimi, na alinijua tangu siku ya harusi. Macho yakashuka kwenye lile furushi la khanga lililokuwa linatikisika. Akasimama hapohapo, mguu mmoja mbele. Halafu akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akageukia ukuta.

"Huyu kaona nyoka?" akauliza mwenye asali.

Mzee mmoja wa Kisukuma aliyekaa ng'ambo akamweleza kwa ufupi. "Yule mama pale chini ni mkwewe."

"Sasa?"

"Sasa hawezi kupita."

"Hawezi kupita mpaka lini?"

Mzee akafikiri. "Mpaka mmoja ashuke."

Mwenye asali akakumbatia debe lake. "Enyi Wasukuma. Mimi mkwe wangu huja kwangu akala pilau sahani mbili na nyingine akabeba."

Habari ilisambaa behewa zima haraka kuliko moshi wa injini. Na hapo nikaona jambo la ajabu. Wanaume watatu waliokuwa nyuma, upande ambao haujakaguliwa, waliinuka wakaja kukaa karibu na bibi, wamebanana kama vifaranga. Mmoja alikuwa na kofia ya ukili. Akaniambia kwa upole kwamba wamekuja kumsitiri mama. Mimi nilimwona mtu wa huruma sana. Sikujua bado kwamba hawakuwa na tiketi, na kwamba katika reli nzima hapakuwa na mahali salama kwao kuliko kando ya bibi yangu.

Tukafika kituo kimoja kidogo, cha mwisho kabla ya Shinyanga. Akapanda mkubwa wa wakaguzi, mtu mnene wa kutoka pwani, kofia yake imenyooka. Akamkuta kijana wake anatazama ukuta.

"Behewa hili umemaliza?"

"Nusu, mzee."

"Na nusu nyingine ina nini?"

"Ina mama mkwe, mzee."

"Ana tiketi au hana?"

"Sijui, mzee. Siwezi kumuuliza."

Behewa lilicheka mpaka mabenchi yakalia. Mkubwa hakucheka. Akasema kazi ya kukagua tiketi ni ya kijana, kazi yake yeye ni kumkagua kijana, na treni haitaondoka pale mpaka behewa lote likaguliwe na mwenye zamu. Akatoa saa mfukoni, akakaa, akaishika mkononi.

"Saa ngapi sasa, baba?" nikamuuliza.

"Saa nane na robo."

Kutoka hapo mpaka Shinyanga treni ilihitaji karibu nusu saa, kisha kuna mwendo wa kwenda kanisani, ambako bibi alikuwa amefika mara mbili tu maishani. Machozi yakanijia. Nikaanza kuhesabu vipaji ili nijipe moyo, nikapata sita. Nikamwomba malaika wangu mlinzi. Treni imesimama, inzi wanazunguka debe la asali, mkwe anatazama ukuta, mkubwa anatazama saa.

"Mama," mwenye asali akainamia khanga, "si usimame tu mara moja? Mungu atakuelewa."

Sauti ya bibi ikatoka chini, ndogo ili isimfikie mkwe. "Mungu ataelewa. Binti yangu nitamwambia nini?"

Kisha mkono wa bibi ukatokea chini ya khanga, ukanivuta gauni.

"Toa michembe na karanga kwenye kikapu, mpe huyu mama akushikie. Gauni na cheti mpe pia. Kikapu kikiwa kitupu, kipitishe. Kila mtu wa upande huu aweke tiketi yake. Kisha kipeleke kule mlangoni."

Nikapita na kikapu kama mtoto wa sadaka Jumapili. Watu wakaweka. Mwenye asali akaweka yake na kusema amina, ingawa kwao hawana kikapu. Nilipofika kwa wale watatu, wakaangalia dirishani.

"Mjukuu," khanga ikasema, "mwenye kofia ya ukili hajaweka kitu."

Khanga ile ilikuwa imefuliwa miaka mingi. Bibi alikuwa anatuona wote kama kupitia chandarua.

"Mama, mimi nilikuja kukusitiri tu," akasema mwenye kofia.

"Wabeja, nashukuru. Umenisitiri vizuri. Sasa weka tiketi."

"Mama, tuhurumiane."

"Nakuhurumia, mwanangu, na nitakuombea. Nani mwingine hajaweka? Hao wawili wenzako nao?"

Mwenye kofia akatazama kikapu, akatazama khanga, akachukua mzigo wake. Wote watatu wakashuka wenyewe bila kusukumwa na mtu, na mmoja akaniambia kwa uchungu kwamba amepanda treni miaka mingi hajawahi kukutana na mkaguzi mkali kama yule aliyejifunika.

Zilibaki tiketi zetu. Zilikuwa kwenye pindo, na pindo lilikuwa usoni kwa bibi. Nikapiga magoti, nikafungua fundo la kwanza kwa kucha na la pili kwa meno, jogoo akinidonoa sikio. Nikapeleka kikapu mlangoni. Mkwe akatoboa tiketi zote mgongo ukiwa bado kwetu, nami nikazirudisha kwa wenyewe. Mkubwa akahesabu vichwa, akasimama mbele ya bibi kitambo.

"Mama," akasema, "ukitaka kazi, uje."

Khanga ilitikisika, na safari hii hakuwa jogoo.

Honi ikalia. Mkwe, ambaye alipaswa kwenda behewa la nyuma, hakupita kwetu hata hivyo. Alishuka chini, akakimbia kwenye kokoto kando ya treni iliyoanza kutembea, akadandia mlango wa nyuma. Behewa zima lilikuwa madirishani likimshangilia.

Shinyanga treni ilisimama kunywa maji. Tuliposhuka, bibi akiwa amejitanda, hatukujua tushike njia ipi. Nikamwona mkwe amesimama mbele yetu, mbali kidogo, ametupa mgongo. Akaanza kutembea haraka, tukamfuata hatua ishirini nyuma. Alipokata kona alipunguza mwendo mpaka asikie nyayo zetu, kisha akaongeza. Hakugeuka hata mara moja. Kwenye njia panda moja aliacha leso yake juu ya ua wa michongoma, upande wa kupita, maana watu walikuwa wengi na angeweza kutupotea. Bibi akaichukua, akaikunja vizuri.

Kengele ilianza kulia tukiwa tunaliona lango. Bibi akanikabidhi cheti na jogoo, akasema, "Kimbia." Nikaingia kengele ikiwa haijatulia. Nilipotazama nyuma, mkwe alikuwa anarudi stesheni kwa mbio kwa njia nyingine, ndefu, ili asikutane na bibi langoni.

Padre alinitazama nilivyojaa masizi, jogoo mkononi. Akaniuliza vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Nikaanza, hekima, akili, na kabla sijafika mbali nikaona akilini mkono wa bibi ukitoka chini ya khanga na kuvuta gauni langu, kama kule behewani. "Shauri," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sijakisahau tena. Nimefundisha dini watoto miaka mingi, na nikifika kwenye kipaji hicho hunibidi nisimame kidogo nijizuie kucheka.

Bibi na mkwe wake waliishi hivyo miaka yote. Leso ilirudishwa kwa mkono wangu, imefuliwa. Yeye alileta sukari, nikapeleka ndani mimi. Bibi alipougua, mkwe aliketi nje ya nyumba, nyuma ya ukuta, siku tatu, na bibi alijua yupo kwa kikohozi chake. Siku ya mazishi ndipo alipoingia chumbani mara ya kwanza, na hata hapo, alipouona uso umefunuliwa, alijikuta amegeukia ukuta.

Siku hizi hayo yamekwisha, na sisemi yarudi. Namshukuru Mungu kwa mkwe ninayeweza kumpa chai. Ila najiuliza kama kuna mtu leo anayeweza kukupenda miaka arobaini kwa kukupa mgongo.

Basi liliondoka Isaka hatimaye. Kabla ya Tinde mkwe wangu alikuwa amelala, na kichwa chake kikaangukia begani kwangu, kizito kama kiroba cha mchele. Konda akaja.

"Shikamoo bibi. Tiketi?"

Tiketi yangu ilikuwa ndani ya simu ya mkwe, na simu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, upande wa kifuani. Konda akangoja. Mkono wangu ukainuka, ukafika katikati, ukakataa. Nikamwita mjukuu wangu, binti wa miaka kumi aliyekaa kiti cha nyuma.

"Njoo umtoe baba yako simu mfukoni, umwoneshe konda."

"Bibi, si uchukue tu? Iko hapo hapo."

"Njoo wewe."

Akaja, ananicheka, akaipitisha simu mbele yangu. Nami, bila kukusudia, nikavuta khanga ikafunika nusu ya uso.