Nyuzi Nne za Kila Siku

Friji ya zahanati ile ya Ushetu iliwaka kwa mafuta ya taa, na ilikuwa na kazi mbili: kutunza chanjo za watoto na kupoza bia za Bwana Valerian, mganga wa zahanati. Bia zilikuwa za wageni wa heshima, hivyo zilikaa karibu na barafu. Chanjo zilikaa mlangoni, zikipigwa na joto kila mlango ulipofunguliwa.

Nesi Bernadina alitakiwa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, kisha aandike kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji. Siku ya kwanza aliandika kumi na sita. Valerian akaikodolea macho ile karatasi.

"Bernadina, chanjo hukaa nyuzi ngapi?"

"Nne, daktari."

"Sasa kama unajua, kumi na sita ya nini?"

Hoja nzito hiyo! Tangu hapo Bernadina akaandika nne, kiangazi na masika. Wakaguzi wa wilaya waliisifu sana karatasi yake, kisha wakakaribishwa bia kutoka friji ile ile waliyoikagua.

Na hakuna aliyeieleza chanjo vizuri kama yeye. Mwaka huo wa 1984 kila kijiji kilikuwa na sungusungu wake wa kulinda ng'ombe, basi akawafundisha akina mama kwa mfano huo.

"Kirusi cha surua ni mwizi asiye na jiko wala jembe," alisema. "Peke yake hawezi hata kuzaa. Huingia ndani ya chembe hai ya mwili, akaiteka, akailazimisha imtengenezee wenzake mamia. Chembe ikifa, wao wanahamia kwa jirani. Mwili nao una sungusungu wake, ila mwizi mgeni hawamjui. Mpaka wamjue, zizi limebaki tupu. Chanjo ni mwizi huyo huyo, yu hai lakini hana nguvu. Wanamkamata, wanaikariri sura yake. Siku nduguye akija, filimbi inalia mapema."

Mama Januari, aliyekuwa akikataa sindano miaka yote, alishawishika pale pale akamtoa mwanawe achanjwe. Bernadina hakuongeza kwamba mwizi wake alishakufa kwa joto mlangoni pa friji, na kwamba sungusungu hawakuwa na sura ya kukariri.

Surua ikafika wakati wa kukausha tumbaku. Januari akawaka homa, akatoka vipele, macho yakawa mekundu. Homa ilipoa. Macho yakapofuka. Valerian akatoa maelezo ya kitaalamu, kwamba watoto wa huku miili yao ni mikaidi.

Bernadina aliona aibu mpaka chakula kikamshinda. Alilitoa kreti la bia akaliweka juani, akamwaga chanjo zote, akaenda kwa Mama Januari na kupiga magoti uani.

"Mayu, mama yangu, dawa niliyomchoma mwanao ilikuwa imekufa. Friji ilikuwa ya moto."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mama Januari aliendelea kupukuchua mahindi. Bernadina angeshukuru kama angetukanwa.

Valerian alitishia kumshtaki wilayani. Bernadina akamwambia aende, na asisahau kubeba ile karatasi. Ghafla mganga akagundua kwamba bia ya moto haina neno.

Chanjo mpya zilipoletwa, zikawekwa karibu na barafu. Akina mama walikuja wachache. Wa mwisho alikuwa Mama Januari, bintiye mdogo Scolastika mgongoni, Januari ameshika pindo la kanga yake. Mama huyo alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima. Alisimama mbele ya karatasi.

"Tano," akasoma. "Hii ni ya friji au ni yako?"

Bernadina alifungua mlango, akatoa kipimajoto, akamkabidhi mkononi. Mama Januari akakielekeza dirishani, akafuata mistari kwa ukucha, polepole.

"Mama, kinasema ngapi?" Januari akauliza.

"Tano, mwanangu."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe," alisema, akaanza kufungua mbeleko.