Nilimwambia papa yaya Mado amekwisha kushinda, na prix haijatolewa bado

Bakubwa ya hili jukwaa, mbote kwenu wote. Bale ba Mangobo, commune yetu, mbote mara mbili.

Hii story inanionyesha mimi kama mujinga, najua. Niliificha wiki tatu. Leo naitosha inje juu mutu moja ku salon yangu ameanza kuielezea vibaya, ameweka hata mapigano ndani. Hakukuwa mapigano.

Kama naongeza chumvi hata kidogo, mashine yangu ya kunyoa izimike wakati kichwa ya mukiliya iko nusu.

Bon, twende.

Mimi niko coiffeur. Salon iko karibu na université, donc bastudents ba sciences politiques banakaaka ku kiti yangu, banatengeneza inchi nzima mu dakika makumi mbili. Kisha courant, umeme, inakatika, banashuka, na inchi inabaki vile ilikuwa. Masomo niliishia sixième primaire, lakini kwa yale nimesikia ku ile kiti, banipatie tu doctorat tuishe.

Dada yangu mukubwa, yaya Mado, yeye aliisoma ile politique kweli kweli, mpaka licence.

Papa yetu iko Bengamisa, iko mulimaji. Alitaka Mado akuwe infirmière. Siku Mado alimwambia ni politique, papa alimuuliza swali moja tu:

"Infirmière anashika sindano. Mwalimu anashika craie. Wewe utashika nini mu mikono?"

Mado akaenda kujiandikisha ku politique vile vile. Toka siku ile, banasalimiana kwa kupitia mimi. "Ambia dada yako asante kwa dawa." "Ambia papa asibebe mizigo ya nguvu." Mimi njo nilikuwa réseau yao ya simu, na nawaambia, hiyo kazi inamaliza batterie.

Siku ya collation yake papa hakukuja.

Kwa benye habajui ya kwetu: mutoto akimaliza université, famille inamumwangia poudre nyeupe ku kichwa mpaka anafanana na mukate yenye haijaingia mu four ya kuchoma. Mukono ya kwanza inapaswa kuwa ya muzazi. Mado, barafiki njo walimumwangia. Mu foto anacheka, lakini macho inaangalia ku mulango.

Miaka tatu inapita. Kazi ya bureau hakuna. Anafundisha masaa kidogo ku école moja, na mu quartier ameanza kujiingiza mu mambo ya robinet, bomba ya maji.

Kwetu robinet iko moja, avenue ni mbili. Asubuhi ilikuwa vita. Bidon juu ya bidon, bamama banavutana nywele, na mimi coiffeur nasema ukweli: zile nywele hazikukuwa zao zote.

Mado akaketi na bale bamama, Jumapili kwa Jumapili. Mwisho akawafanyisha vote, kura ya kuchagua comité. Mama anayetaka candidat wa avenue ya juu anatia mbegu ya mahindi mu chungu, anayetaka wa avenue ya chini anatia mbegu ya madesu, maharagwe. Hata mama mwenye hajui kusoma aliona amechagua nani. Comité ikaingia, règlement ikaingia: mukubwa hakuna, mudogo hakuna, ukifika nyuma unabaki nyuma.

Habari ikafika ku département ya politique, pale alisoma. Iko na prix yao, zawadi ya jeune politologue, ya vijana benye balimaliza pale na bamefanya kitu cha maana inje. Bakachagua bavijana batatu, Mado ndani.

Batatu. Mwenye anapata ni moja tu.

Mado akaniambia: "Papa usimwambie kitu. Nikishinda, nitamuita mimi mwenyewe."

Sasa hapa mutu mwenye akili angenyamaza.

Mimi nikapiga simu Bengamisa. Nilikuwa na mukiliya ku kiti, wembe mu mukono.

"Papa, Mado ameshinda prix!"

"Prix ya nini?"

"Ya politique, ku université. Batampatia mbele ya batu bote."

Nasikia tu kuku za papa.

"Siku gani?"

"Samedi, Jumamosi hii."

"Nitakuja."

Akakata. Nikabaki nimesimama mpaka mukiliya akaniuliza kama kuna mutu amekufa.

Nilijiambia: Mado atashinda tu, nani atashinda robinet? Hesabu yangu iliishia pale.

Vendredi, siku moja kabla ya prix, papa akafika, akalala kwa tantine, pale pale karibu na robinet. Samedi asubuhi nikamukuta amevaa chemise nyeupe yenye mistari ya kukunjwa, na mu mukono sachet. Ndani ya sachet kulikuwa boîte ya poudre, mupya. Hiyo njo ilinipiga. Muzee alikuwa amekuja kulipa deni ya collation, na mimi nilikuwa nimemuita na uongo.

Mado alimuona mu mulango wa salle. Akanivuta pembeni.

"Nani alimwambia?"

"Alisikia tu."

"Amekuja yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Bakubwa, mungeona uso yake. Nilitamani sakafu ifunguke. Sakafu ilikuwa ciment.

Tukakaa. Papa anaangalia mbele. "Kiti ya mwenye ameshinda iko wapi?"

"Banaileta, papa."

Ku programme, kwanza banaita bacandidats batatu mbele, kisha banasema jina ya mwenye ameshinda. Njo pale akili yangu ikazaa plan: Mado akiitwa kama candidat, mimi naruka, namwaga boîte ya poudre yenye nilitoka nayo ku salon, papa naye anamwaga yake, tunapiga kelele, halafu namutosha papa inje tukule lituma, ile ndizi ya kutwanga, na samaki, kabla batangaze. Atarudia Bengamisa na furaha yake. Kweli kweli niliona hiyo plan ni nzuri.

Protocole, mwenye anaongoza sherehe, akashika micro ya batterie: "Candidate wa pili, Madeleine..."

Hakumaliza. Nilikuwa nimekwisha kufika. Boîte nzima, ile poudre natiaka bakiliya ku shingo, puuu! ku kichwa ya Mado. Na mimi napiga kelele kama Mado amechaguliwa gouverneur.

Hapo hapo courant ikarudia.

Ventilateur yenye ilikuwa imelala toka asubuhi ikaamka, ikachukua ile poudre yote, ikaipeleka kwa chef ya département. Professeur mukubwa, costume nyeusi. Upande moja akabaki professeur, upande mwengine akakuwa mutu wa boulangerie, mufanya mikate.

Papa iko njiani anakuja na boîte yake. Protocole akamuzuia na mukono.

"Papa, bado! Hakuna mutu ameshinda. Hapa tunaonyesha tu bacandidats."

Papa akasimama. Akaniangalia mimi. Mado pia akaniangalia, poudre ku nyusi.

"Ulimwambia nimeshinda?"

Mimi, mutu mwenye anaongeaka na vichwa makumi tatu kwa siku, nikaanza tu kumupangusa poudre na mukono.

Akageuka kwa papa. Ilikuwa neno lake la kwanza kwake, uso kwa uso, toka lile swali la mikono: "Papa, ulikuja juu ya prix?"

Papa akarudi akakaa, boîte ku magoti. Nilikaa kando yake nikihisi niko udogo kama ile mbegu ya mahindi.

Bakatangaza. Jina haikuwa Mado. Ilikuwa kijana wa Isangi, mwenye alipatanisha vijiji mbili juu ya mahali pa kutega samaki. Mado akapiga makofi, na alipiga ya kweli.

Nikamwambia papa pole pole, "Papa, twende."

Papa akanyoosha mukono juu. Kama mutoto wa école.

"Niko na swali."

Protocole: "Papa, hakuna maswali mu programme."

"Muko batu ba politique, na maswali hamutaki?"

Salle yote ikacheka. Chef ya département, na bega yake nyeupe, akasema bampatie micro.

Papa akaishika na mikono mbili. "Nani alipiga kura?"

"Jury, papa. Tuko batano."

"Mulifika ku ile robinet?"

"Tulisoma dossier."

"Mimi nilifika." Akakohoa ndani ya micro, batu bakaziba masikio. "Jana mangaribi nilibeba bidon. Mimi muzee, nikaenda mbele. Mama moja mufupi akaniambia, papa, nyuma. Nikamwambia, mimi niko papa ya Mado. Akasema, aa, kama uko papa ya Mado, wewe njo utaenda nyuma kabisa, juu mutoto wako njo alituletea hii règlement."

Bastudents bakapiga meza. Papa hakucheka.

"Nikaenda nyuma. Nikangoja. Hakuna bidon iliruka ingine, hata moja. Hata ku communion sijaonaka foleni ya vile. Kijana wa Isangi, prix ni yake, sikatai. Lakini muandike mu karatasi yenu: papa yake mwenyewe alifukuzwa mbele."

Chef ya département akasimama, serious kabisa: "Papa, recours yako, hii rufani, imepokelewa."

Matokeo hayakubadilika, musiniulize. Lakini akaita Mado, akamuomba wiki yenye inakuja bastudents ba mwaka wa pili baende ku robinet, awafundishe pale pale. "Na jury pia," akasema.

"Na bidon," papa akajibu. "Mukifika, nyuma."

Kisha akaonyesha boîte yake. "Naweza sasa?"

Professeur akajipangusa bega. "Endelea, papa. Mimi nimekwisha kupata sehemu yangu."

Papa akaenda mbele ya Mado. Hakumwaga kama mimi. Alitia pole pole, mukono kwa mukono, ku kichwa, ku mabega. Kisha akamuuliza: "Umekula?"

Basi. Mado, mwenye hakulia kwa kupoteza, akalia pale. Poudre ikageuka potopoto, matope kabisa, ku mashavu.

Kesho yake nilipeleka papa kwenye pikipiki za Bengamisa. Nikamuomba pole. Akaniuliza, "Siku ya collation, ulinitumia nini?"

"Message, papa."

"Ilisema nini?"

"Mado amemaliza."

"Ilisema nije?"

Nikafikiri. Haikusema.

"Nilingoja aniite," akasema. "Hamukukuwa na lazima ya kutafuta prix. Mungesema tu, papa, kuja."

Bakubwa, hilo njo somo, na ilinigarimu boîte moja na haya ya mwaka. Mado alikuwa anangoja ashinde njo aite. Papa alikuwa anangoja aitwe. Na mimi katikati, badala ya kubeba neno "kuja", nilibeba uongo. Kama kuna mutu wako unangoja mambo ikuwe muzuri njo umuite, muite leo, na mambo yako vile iko.

Robinet balienda, nilikuwa pale. Professeur alikuwa wa kumi na moja mu foleni, na bidon ya njano.

Munitukane, comments ziko wazi. Lakini benye pia balishaharibu sherehe ya ndugu yao bajitokeze hapa, nisikae peke yangu.

Aa, na Mado. Alininyamazia siku tatu. Siku ya ine akaingia ku salon, akakaa ku kiti ya bakiliya, akaniangalia mu kioo, akasema:

"Siku ingine ukitaka kudanganya papa, upite kwangu kwanza. Mimi njo nilisoma politique."