Mafuta ya Kondoo Kwenye Sola

Niliipaka sola yetu mafuta ya kondoo, eti ing'ae kama moran wa Kimaasai anayeenda sherehe. Akili zangu hizo! Leo fundi wa pikipiki hapa Kitengela ameosha cheni kwa mafuta ya taa, na ile harufu imenirudisha nyumbani, Kajiado ndani.

Vumbi la siku nzima lilinata kwenye yale mafuta, na jioni taa ikakataa kuwaka. Mama akawasha koroboi, ingawa daktari alikuwa amekataza moshi karibu na mtoto wetu mchanga, mgonjwa wa kifua. Mtoto akakohoa, nami nikamwiga ili kaka zangu wacheke.

Kulipokucha alikuwa kimya. Mama akamfunika uso kwa leso, akaniambia polepole, "Ero, baba yako akiuliza, sema ni baridi."