Kengele ya Salome

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Mpanda mjini, nasubiri pikipiki yangu irudishiwe roho, fundi akaponyokwa na ringi ya lori ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ngaaa! Mlio ule, nawaambieni, ulifika Kigoma ukarudi. Watu walishtuka, wakacheka. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshanyooka hewani kuziba masikio ya mtu ambaye hakuwepo.

Mtu huyo ni mdogo wangu, Salome.

Miaka ya tisini, kijijini kwetu upande wa Mamba, kengele ya shule ilikuwa ringi kama ile, imening'inizwa mtini kwa mnyororo. Kiranja wa darasa la saba, jitu lenye mikono kama nguzo za daraja, aliigonga kwa nondo bila kumwonya mtu. Sisi wengine tulifurahi, tunaenda kucheza. Salome alipiga yowe, akaziba masikio, akatoka mbio. Na hakuwa na njia nyingine ya kukimbilia ila ile ya mtoni, kwenye matete, kwenye viboko wakubwa kama basi la Tabora. Mamba wenyewe hata sitaki kuwasema.

Kumfuata ilikuwa kazi yangu. Nilikaa darasani sikio moja kwa mwalimu, jingine kwenye ule mti, na mapumziko yakikaribia naweka kalamu chini. Hesabu zote za mwaka ule zilinipita hivyo hivyo. Nimekuja kuzikuta ukubwani, shule ya jioni, nina mtoto mgongoni.

Msidhani Salome alikuwa mjinga. Alizungumza Kiswahili kilichopigwa pasi, kama mtangazaji wa redio, na ukimgusia habari za ndege angekueleza mpaka ugali upoe. Lakini hakumtazama mtu machoni, na wakubwa aliwapita bila shikamoo. Kwetu hilo si jambo dogo. Wengine walisema ana kiburi, wengine walisema amerogwa.

Siku moja alinipotea kabisa. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nilimkuta jua limeinama, amejikunyata kwenye matete, na pembeni yake nyayo za kiboko zingali zinajaa maji. Nikarudi naye. Mwalimu Mkuu akamtumia Mama ujumbe: akikimbia tena, abaki nyumbani moja kwa moja. Hakutaka kuja kujibu kifo cha mtoto.

Usiku nilimsikia Mama akigeuka kitandani. Nami niligeuka. Salome peke yake ndiye aliyelala.

Sasa, msimu ule mpunga ulikuwa unaiva na kweleakwelea wameshuka kama mvua. Watoto wote wa kijiji tulikuwa mashambani tunapiga madebe kuwafukuza. Salome alilia kwa ile kelele, hadi Mama, kwa kuchoka tu, akampa fimbo na debe lake mwenyewe. Akapiga. Akanyamaza. Akapiga tena, ametulia kama anapembeta mchele. Mama aliwaacha ndege waule mpunga, akawa anamtazama.

Kikao cha wazazi kilipofika, wanaume walikaa kwenye madawati, akina mama chini. Mama yangu, ambaye hakuwahi kufungua mdomo kikaoni, akasimama.

"Mwalimu Mkuu, huyu mtoto haogopi shule. Anaogopa kushtukizwa. Naomba kengele agonge yeye."

Kicheko kilichotoka kilitikisa mabati. Baba Juma, jirani yetu, akadakia, akimwita Mama kwa jina langu, "Mama Hilda, nyie mnataka kichaa apewe nondo? Si atatupasua vichwa!"

"Chako kimepasuka siku nyingi, Baba Juma, na hakuna aliyekigonga."

Hapo wakacheka upande wake. Mama hakucheka. Alimgeukia Mwalimu Mkuu.

"Akibaki nyumbani atafundishwa na nani? Mimi hata jina lake siwezi kulisoma."

Mwalimu Mkuu alichungulia dirishani, akautazama ule mti. "Kesho," akasema. "Mara moja tu. Akikimbia, Mama Hilda, usirudi tena kwangu."

Kesho yake shule nzima ilikuwa madirishani. Mimi niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikaenda kusimama kwenye njia ya mtoni, mikono nimeitandaza kama golikipa. Mama alikuwa pale tayari, jembe begani, eti anapita kwenda shamba. Ncha ya kanga ilikuwa kati ya meno yake. Sikuwahi kumwona Mama akiogopa. Nikajua kwamba tukimkosa leo, tumemkosa.

Kiranja akampa nondo. Salome akaishika kwa mikono miwili, akaigeukia shule yote, na kwa sauti yake ya redio akatangaza: "Sasa napiga. Zibeni masikio."

Akapiga. Ngaaa!

Hakukimbia. Alisimama akisikiliza mlio ukiisha, kisha akarudi darasani. Mama aliketi palepale njiani, kwenye vumbi.

Aliigonga mpaka akamaliza la saba, na hakuna siku aliyoacha kutangaza kwanza. Tulimwita Redio. Niliamini ni maringo ya cheo.

Miaka mingi baadaye, kwenye shule ya jioni, mwalimu mmoja alitueleza juu ya usonji, hali ambayo mtu huzaliwa nayo, na aina yake inayoitwa Asperger. Kwamba wapo watoto ambao mlio wa ghafla huwaunguza kama moto. Nilifunga daftari. Nilimwona tena Salome pale chini ya mti, nondo mkononi. Hayakuwa maringo. Alidhani sote tunaumia kama yeye, na miaka yote ile alikuwa anatukinga, shule nzima, na maumivu ambayo yalikuwa yake peke yake.

Siku hizi nikimtembelea, kabla hajafunga mlango huniambia, "Dada, nafunga."

Nami naziba masikio.