Chumba Kisicho na Paa

Mtaani walimwita Mzee Kamba, na jina lilimkaa sawasawa, maana tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuvuta utepe kwenye viwanja vya watu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne, naye alitumia kimoja. Sebule kawaachia buibui. Kule nyuma kulikuwa na chumba cha tano ambacho hakikuwahi kuona paa. Alikianza mwaka ule mwanawe wa pekee alipokwenda kusoma ughaibuni, ili kijana akirudi na mke asibanane na baba. Kuta zikafika usawa wa madirisha, mkewe akafariki, na mikono ya mzee ikafa ganzi. Hakuna aliyemkataza kujenga. Mpweke tu, na mpweke atamchanganyia nani zege?

Ikaja habari ya barabara. Afisa mipango miji alitaka mtaa upanuliwe, na safari hii, badala ya kila ofisi kujifungia na karatasi zake, akawakalisha mpima na mthamini meza moja, juu ya ramani moja. Mpima aoneshe viwanja, mthamini aseme thamani ya majengo, barabara ichukue upande ambao fidia yake ni nafuu. Jambo la maana kabisa, nani abishe? Ila mpima mwenyewe alikuwa Mzee Kamba, na mtaa ulikuwa wake. Alipomweleza bosi wake, bosi akamwambia apime tu, thamani si kazi yake.

Basi akapima. Upande wa pili waliishi watu: kuta zimepakwa rangi, fundi cherehani kaongeza banda, mama wa mapacha kajenga tangi la maji. Upande wake kulikuwa na kiwanja kitupu, ghala lililofungwa, na yeye. Mthamini, mwanamke mpole aliyefanya naye kazi miaka mingi, aliizunguka nyumba akigusa nyufa. Mzee akaona haya kama mtu aliyefumwa akiwa na nguo za ndani tu.

Wakafika nyuma. Majani yalikuwa yameota chumbani hadi kiunoni.

"Kaka," mthamini akasema, "lile ghala limepandisha thamani ya upande wako, pande zote mbili zimekaribiana sana. Hiki ndicho kitakachoamua. Ukisema bado unajenga, nitakiandika jengo. Ukisema umeacha, nitaandika kifusi."

Mzee Kamba akaegemea ukuta. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, wala asingejiona mwongo. Moyoni alikuwa akikijenga kila siku. Nyumba ingebaki, mwanawe angekuwa na pa kurudi. Na mama wa mapacha je, angekwenda wapi? Akaomba ruhusa, akasogea kando, akampigia simu mwanawe. Akaulizia afya, wajukuu, baridi ya huko. Alipoishiwa maneno, akapiga moyo konde, akasema anataka kumalizia kile chumba, je, akipake rangi gani?

"Chumba gani, baba?"

Akamweleza. Kijana akacheka kwa upole, akakiri alikuwa amesahau, lakini baba asijisumbue, wao wameshanunua nyumba huko na watoto wameshazoea. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mzee akamtakia kazi njema, akakata simu, akabaki anatazama matofali aliyoyapanga kwa mkono wake.

Alirudi kwa mthamini akijikaza. "Andika kifusi, dada."

"Una hakika?"

"Nilikuwa namjengea mtu. Haji."

Mthamini hakumpa pole. Angempa, mzee angelia mchana kweupe. Aliweka karatasi zake chini, akashika ncha moja ya utepe. Wakauvuta kutoka barabarani, ukapita sebuleni, ukapita penye kitanda chake, hadi nyuma. Kigingi cha mwisho cha barabara mpya Mzee Kamba alikipigilia mwenyewe, mle chumbani, katikati ya majani.

Walipotoka mbele, mama wa mapacha alikuwa amesimama mlangoni kwake, ng'ambo, ndoo mkononi. Ilionekana wazi hakuwa amelala vizuri tangu habari zianze. Akauliza kwa sauti barabara itachukua upande gani.

"Upande usio na watu," Mzee Kamba akamjibu.

Mama wa mapacha akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akarudi ndani kwa wanawe.